Mama Jikoni na Mahindi Mapya

Nianze na lile linalonikera, nisije nikalizunguka kama sisi walimu tunavyopenda. Mwanamke nitakayemweleza hapa alikuwa mpishi wa shule ya msingi karibu na Suna, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania, na mimi ndiye niliyemharibia jina. Sikumsengenya. Nilisema neno moja la uongo mbele ya sufuria, kisha siku ya kulifuta ilipofika nikanyamaza. Nikimcheka mahali fulani katika maelezo haya, msidhani nimesahau.

Watoto walimwita Mama Jikoni, nasi walimu tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mkuria, mrefu, mwenye mikono mirefu iliyoungua hapa na pale, na sauti iliyofika darasa la saba bila yeye kujisumbua. Shule ilikuwa ya Wajaluo zaidi, kwa hiyo alisema nasi Kiswahili. Kijaluo alikuwa nacho kidogo, na watoto walikipenda sana kwa sababu kiliwachekesha. Alipowaita wapange mstari walikuwa wanajikausha, wanasubiri akosee, wapasuke. Yeye alikosea kila siku, na nina hakika mara nyingine alikosea makusudi.

Nilimkuta pale uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimelelewa katika nyumba za reli Kisumu, Mjaluo wa jina na wa ulimi, lakini mila za kwetu nilizisikia kwa mbali tu, shangazi zangu walipokuja kututembelea na kutusikitikia. Siku ya pili mwalimu mkuu alinikabidhi usimamizi wa chakula cha mchana. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mwanamke peke yangu katika ofisi ya walimu.

Chakula chenyewe kilikuwa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, siku zote tano za juma. Kila mtoto alileta fungu lake kutoka nyumbani. Mama Jikoni alilipokea mlangoni mwa ghala kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipoanza kumshangaa. Msimu wa mavuno ulipokaribia, hakupokea mahindi ya mtu kabla ya kuuliza swali moja.

"Kwenu mmekula mpya?"

Mtoto akijibu ndiyo, mahindi yake yaliingia gunia lililofungwa kwa gome la mgomba. Akijibu hapana, yalikuwa ya mwaka uliopita, yakaingia gunia la kamba ya katani. Magunia mawili, masufuria mawili, mistari miwili ya watoto. Nilimwuliza maana yake, akaniangalia kama aliyekuwa anangoja nimwambie natania.

"Wewe ni mtoto ya hapa, Mwalimu, na unaniuliza mimi?"

Nikaelezwa basi mila yangu na mgeni. Katika maboma mengi ya pale, mavuno mapya yalikuwa na zamu yake. Mke wa kwanza wa boma, yule wanayemwita mikayi, ndiye wa kuvuna na kupika kwanza, halafu wengine wakafuata kwa ukubwa wao. Mtoto wa nyumba ndogo akila mahindi mapya kabla mikayi hajaonja, ameruka zamu, na anayeruka zamu hushikwa na chira, ugonjwa wa kukonda na kukonda usiosikia dawa ya hospitali. Nyumbani jambo hilo lililindwa na akina mama. Shuleni, ambapo mahindi ya maboma arobaini yaliingia chungu kimoja, hakuna aliyelifikiria mpaka alipokuja Mama Jikoni.

"Na wewe unaamini?" nikamwuliza.

"Mimi ni mtu ya kanisa. Siamini." Akaendelea kupepeta. "Lakini mtoto akikula na kuogopa, hicho chakula inamsaidia nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Aliheshimu jambo asiloliamini, la watu wasio wake, na hakutaka ashukuriwe. Mimi niliyekuwa wa damu yao nililiona ni ujinga wa kupoteza kuni.

Kwa watoto alikuwa mkali. Aliyemwaga chakula alipata mwiko wa mgongo, na si wa kutishia. Lakini aliyechelewa kwa sababu ya mto kujaa alikuta ukoko umewekwa pembeni, umefunikwa kwa jani. Hakujua kusoma, ila alijua boma gani lina mikayi mgonjwa na boma gani ugomvi wa wake umechelewesha mavuno. Mimi nilikuwa na daftari lenye mistari na sikujua nusu ya hayo. Yeye mwenyewe alikula mwisho, kasimama, mgongo kwenye nguzo, macho yake kwenye njia.

Alikuwa na sababu ya kuangalia njia. Miaka ile ng'ombe waliibwa huku na kuibwa kule, na kila walipopotea upande wa Wajaluo, jina la Wakuria lilitajwa kabla nyayo hazijafuatwa. Wiki ya namna hiyo alipita sokoni watu wakiacha kuongea mpaka apite. Wazazi wengine waliwaambia watoto wasiguse chakula chake. Nakumbuka Jumatatu moja alipakua watoto kumi na tatu tu, waliobaki wakakaa kwenye nyasi wakimeza mate, nami nikasimama katikati nisijue nimtetee vipi.

Jioni ile alimwendea mwalimu mkuu akaomba ukuta wa mbele wa jiko uvunjwe.

"Jiko bila ukuta?" mwalimu mkuu akauliza. "Moshi utaenda wapi?"

"Moshi iende inapotaka. Watu waone mikono yangu."

Ukavunjwa. Tangu hapo alipika kama mtu aliye jukwaani, na wamama waliokwenda kisimani walisimama wakamtazama wakisingizia kupumzika. Mvua ikinyesha aliteremsha turubai, ikikoma tu akalipandisha. Wiki mbili baadaye mistari yake miwili ilikuwa imejaa tena. Alilalamika tu kwamba upepo unamlia kuni.

Mwaka wa njaa ndio uliomfanya ajulikane mpaka Migori mjini. Mvua zilikataa, magunia yote mawili yakaisha, serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo na maziwa ya unga kwenye mifuko ya karatasi. Akaja ofisa wa elimu kutueleza. Alikuwa kijana mwenye soksi ndefu, alipenda kusikika, na alituhutubia wazazi na walimu pamoja. Alisema Waingereza walianza kulisha watoto shuleni walipogundua vijana wao ni dhaifu mno kwa jeshi. Alisema Wajapani walivyoshindwa vita waliwakuza watoto wao kwa maziwa ya unga kama haya haya, na Wamarekani wanapeleka shuleni chakula kinachowazidi wakulima wao. Kumbe, akasema, mtoto wa Suna akinyoosha sahani yake, yuko kwenye mstari mmoja na watoto wa dunia nzima. Tukapiga makofi. Mama Jikoni akanyoosha mkono.

"Na huko dunia nzima nani anapika?"

Ofisa akacheka, akafunua karatasi zake, akazifunika. Hakuwa amesoma popote ni nani anapika. Akasema ni swali zuri, akaaga.

Mahindi yale ya manjano watu waliyakataa. Ilisemwa ni chakula cha farasi, ilisemwa yanamaliza nguvu za wanaume. Watoto walikuwa wamekonda mashavu lakini walikaa mbali na sufuria. Mama Jikoni akayapika, akaita wazazi, akala sahani nzima mbele yao, akaosha sahani. Akafanya hivyo siku tatu. Siku ya nne baba mmoja mwenye watoto watano shuleni akamwuliza, "Bado uko mzima?" Akajibu, "Niko. Lakini mimi si farasi na si mwanamume, kwa hiyo njoo ujaribu mwenyewe." Watu wakacheka, na kilichokuwa kimekaza kikalegea. Mchana huo watoto walikula.

Maziwa yalituumbua zaidi. Tulifuata maandishi ya kwenye mfuko, na darasa zima la tatu likashinda chooni. Mwalimu mkuu alitaka mifuko yote ifukiwe. Mama Jikoni aliomba apewe siku mbili. Aliyakoroga mepesi, akayatia ndani ya vibuyu alivyofukiza kwa mkaa wa mti, akayaacha yagande, maana watu wa pale, Mjaluo kwa Mkuria, wamezoea maziwa yaliyolala. Matumbo yakatulia. Ofisa aliporudi alionja, akaandika, akasema atawaambia wakubwa. Hatukujua aliandika jina la nani.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mvua za vuli zilirudi, zikatupa mahindi ya gunia la katani, na mwaka uliofuata ya masika nayo yakakubali. Kuni ndizo zilizokuwa shida, na mwalimu mkuu, muumini mkali wa maendeleo, aliudhika kuona mioto miwili chini ya chakula kimoja. Alimwambia mpishi apike sufuria moja. Mpishi akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akawasha mioto miwili. Mwalimu mkuu akanigeukia mimi. "Wewe ndiye msimamizi," akasema. "Au yeye ndiye anakusimamia?"

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Mama Jikoni alituma habari kwamba angechelewa, amempeleka jirani kwenye zahanati kujifungua. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zimelowa, turubai liko chini. Mwalimu mkuu alinituma jikoni na wasichana wawili wa darasa la saba, nami nikawatuma kisimani. Nikabaki peke yangu na magunia mawili na moto mmoja uliokubali kuwaka. Ningeweza kupika la katani peke yake, lingetosha siku hiyo. Nilijua hivyo. Lakini nilisikia sauti ya mwalimu mkuu, na nilisikia pia sauti yangu ya mjini ikisema kwamba watu hawa lazima waamke siku moja. Nikafungua la katani, nikafungua na la gome la mgomba, nikamimina yote mawili. Kabla wasichana hawajarudi nilikuwa nimeyafunga magunia kama yalivyokuwa, na mtu anayefanya jambo jema hafichi.

Mama Jikoni alifika saa sita kasoro, kalowa, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akainama juu ya mvuke.

"Umetoa gunia gani, Mwalimu?"

"La katani."

Alibaki kainama kidogo. Kisha akachukua mwiko, akapandisha turubai, akawapakulia wote, mstari mmoja.

Palikuwa na msichana wa darasa la nne, mwimbishaji wa nyimbo asubuhi, wa boma ambalo mikayi alikuwa bado hajavuna. Alikula nusu, akakuta punje laini, nyeupe, zilizovimba kuliko nyingine. Mtoto wa mkulima hahitaji kuelezwa. Akaweka sahani chini na kuanza kulia, na jioni akasema nyumbani. Siku sita baadaye alishikwa na homa, akaanza kutapika, na mwili ukapukutika haraka. Zahanati walisema ni malaria. Nyumbani kwao walisema walichosema, na Jumatano wazazi walikuja shuleni wakajaa darasa la saba mpaka madirishani.

Naibu wa chifu alikaa mbele na mwalimu mkuu. Mama wa yule msichana alisimama. Alikuwa mwanamke mpole, muuzaji wa vyungu Suna, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama Jikoni," akasema kwa Kiswahili, "mimi nakuuliza kwa heshima. Umepikia watoto wetu miaka mingi, hatujaona kosa. Siku hiyo uliweka mahindi gani ndani?"

"Sufuria ni yangu. Mimi ndiye nilipakua."

"Sijauliza sufuria. Nauliza nani alichanganya."

Mama Jikoni akanigeukia. Hakunikodolea macho, hakunisonta. Aliniangalia tu kama mtu anavyomwangalia mwenzake aliyeshika ncha ya pili ya mzigo, akingoja ainue. Nilikuwa na daftari mapajani. Nikaliangalia. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria yule msichana akifa na watu wakajua ni mimi, nikaliangalia lile daftari mpaka mistari ikaungana.

Kutoka nyuma mtu akasema, "Si ni Mkuria? Ng'ombe zetu zimeenda, sasa ni watoto."

"Kama nilitaka kuua watoto," Mama Jikoni akasema, "ningengoja miaka hii yote?"

Mwalimu mkuu akakohoa, akasema shule inasikitika na mpishi atapumzishwa. Alijua vizuri nani alikuwa jikoni asubuhi ile, maana ndiye aliyenituma. Yeye pia alikuwa na kitu cha kuangalia, dari nadhani.

Msichana alipona baada ya wiki mbili. Naandika hivyo haraka kwa sababu ndilo jambo pekee katika habari hii linaloniwezesha kulala. Lakini hakurudishwa shuleni. Mikayi wa boma lao alikataa katakata. Watoto wengine walirudi, ila chakula hawakula tena, wakawa wanatembea nyumbani mchana na wengi hawakurudi kwa vipindi vya alasiri. Jiko lile lisilo na ukuta likawa mahali pa kufungia mbuzi. Mama Jikoni alikaa Suna miezi michache zaidi, akijaribu kuuza uji sokoni. Uji wake hakuna aliyeununua, na akina mama waliokuwa wakimtazama wakielekea kisimani walibadili njia. Kisha akaondoka, na sikuwahi kumwuliza anakwenda wapi. Nilikuwa nimejifunza kupita upande mwingine wa barabara.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mitatu baadaye, muongo ule wa sitini ukielekea ukingoni. Nilikuwa nimehamishiwa Homa Bay. Siku moja saa nne asubuhi nilikuwa nashuka kuelekea gatini kupokea mzigo wa vitabu kutoka kwenye meli ya Kisumu, nikasikia sauti ninayoijua ikimfokea mtu kwa Kijaluo kibovu. Ilitoka katika kibanda cha chakula kisicho na ukuta wa mbele.

Ningeweza kupita. Nilipita, hatua kumi hivi. Kisha nikarudi.

Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeingia mvi. Kwenye benchi walikaa wachukuzi wanne wakila samaki. Aliniona, akanionyesha benchi kwa kidevu kama mteja yeyote.

"Mwalimu. Utakula?"

"Mama, nimekuja kusema kitu."

"Sema. Mimi nafanya kazi, lakini nasikia."

Nikasema. Nilisema mbele ya wale wachukuzi, kwa sababu nilijua nikingoja waondoke nami nitaondoka. Nilisema juu ya magunia mawili, juu ya uongo, juu ya daftari. Nililia pia, sitaficha. Yeye aligeuza samaki upande wa pili.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Mahindi mpya ikichemka harufu yake ni nyingine. Nilijua kabla sijakuuliza."

"Mbona basi uliwapakulia?"

Hapo mkono wake ukasimama. Nikaona nimeshika mahali palipokuwa panamwuma yeye.

"Watoto mia mbili walikuwa wamesimama na njaa. Na msimamizi alisema ni katani. Nikajiambia, labda pua yangu imezeeka." Akageuza samaki mwingine. "Hiyo ni yangu. Hiyo nitabeba mimi."

"Na kwenye mkutano? Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ningesema, nani angeamini? Wewe ni mtoto wao. Mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Nisamehe, Mama."

"Sasa unaniambia mimi, na mimi nilikuwa najua." Hakusema kwa hasira, na hilo lilinimaliza. "Yule mama wa vyungu bado yuko Suna. Dada yangu alipita kwake mwezi jana, akamsalimia, yule mama akakataa mkono. Anafikiri mimi nilitaka mtoto wake afe. Huyo ndiye hajui."

"Nitaenda, Mama. Likizo ikifika nitaenda."

Alinyoosha mwiko kuelekea stendi, ambapo utingo alikuwa anapiga ubavu wa basi na kuita abiria wa Rongo na Migori.

"Ile iko hapo. Haijajaa."

Nilifikiria vitabu gatini, nilifikiria darasa langu la saa nane. Wachukuzi wote wanne walikuwa wameacha kula. Mama Jikoni alikata ugali, akaweka samaki juu, akafunga kwa jani la mgomba, akakaza kwa uzi, akanipa. Fungu bado lilikuwa la moto. Nililishika kwa mikono miwili, na kwa kweli nilidhani amenisamehe.

"Kula ndani ya basi," akasema. "Ukishamwambia yule mama, pale hawatakupa chakula."